Chombo Hakirudi Kitupu

Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita kwetu Kigogo, unaingia Jangwani na kuishia baharini kwenye daraja la Selander. Kiangazi mtoto anauvuka bila kukunja suruali. Masika yakishika, kila mtu bondeni analala jicho moja likiwa macho. Nyumba yetu haiko ukingoni kabisa, iko juu kidogo, na kinga yake ni mtaro wa mtaa unaopita nyuma ya ua. Mtaro ukiwa wazi, maji yanaenda zake. Masika yale mtaro uliziba. Maji yakatafuta njia nyingine, na njia yaliyoipata ilikuwa mlango wetu wa uani, usiku wa manane. Yalilowesha magodoro, nusu gunia la unga na madaftari ya watoto.

Kulipokucha vijana wa mtaa walishika machepe kuuzibua mtaro, na kijana wetu wa kidato cha pili alikuwa mmoja wao. Niliona kilichotolewa mle: chupa za maji na soda, vifuko vya karanga na barafu, mirija, vibakuli vyeupe vya chipsi, nepi za kutupa zilizovimba maji. Chini kabisa kulikuwa na tope jeusi lililoshikana na nailoni hata chepe likashindwa kulikata, ikabidi walivute kwa mikono. Chupa hazikulala pale. Waokota chupa walizibeba siku ileile kwa sababu zinauzwa kwa kilo. Vifuko vyembamba havikuchukuliwa na mtu. Ni vyepesi mno kwa mizani na vichafu mno kwa kiwanda, kwa hiyo vilibaki ukingoni mpaka mvua iliyofuata ikavirudisha vilikotoka.

Jambo hili liliniuma sana. Maji yalifika kitandani kwa wanangu kwa sababu ya vitu ambavyo vilitumika kwa muda ule tu wa kumaliza karanga za mia mbili.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, Bibi aliita kikao. Bibi ni mama mzazi wa mume wangu, mzaliwa wa Bagamoyo, na akiita kikao hakuna anayekumbuka kuwa ana safari. Alimwagiza kijana atandike turubai uani, kisha amwage juu yake ndoo ya taka za nyumba, tuzione zote kwa mwanga wa jua.

"Sasa tuambie," Bibi akamwambia mjukuu wake, "huko shule mmefundishwa nini kuhusu haya?"

Kijana alijibu vizuri. Alisema tangu Juni 1, 2019 Tanzania Bara imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na anayekutwa nayo hutozwa faini isiyopungua shilingi 30,000 na isiyozidi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Rwanda ilitangulia tangu 2008. Kenya ilifuata Agosti 28, 2017 kwa adhabu kali zaidi, faini inayoweza kufika shilingi milioni 4 za kwao. Kisha akatuonyesha kwa kijiti: katika lundo lote lile hapakuwa na rambo, ule mfuko uliopigwa marufuku, hata moja. Sheria ilikuwa imefanya kazi. Kulikuwa na mfuko mbadala mmoja uliochanika mpini. Akatueleza kuwa nao umetengenezwa kwa plastiki inayoitwa polipropilini, na ndiyo maana kiwango cha Tanzania kinataka usipungue gramu 70 kwa kila mita ya mraba, ili udumu na kurudiwa mara nyingi. Ule wa kwetu ulikuwa mwembamba kuliko hapo, na haukumaliza hata safari ya pili ya sokoni.

Vilivyobaki ni chupa, vifungashio vya viwandani, na vifuko vyeupe vinavyoonyesha vilivyomo, ambavyo hutolewa dukani kufungia sukari, maharage na dagaa.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Rambo limeondoka na hatukufa njaa," akasema. "Haya mengine hayahitaji kupelekwa Bungeni. Yanatuhitaji sisi. Mtaro huu unakwenda mtoni, mto unakwenda baharini, na kwetu Bagamoyo wavuvi wanajua kasa anavyomeza nailoni akidhani ni konyeza. Hatuwezi kula samaki wa bahari ileile tunayoitilia sumu."

Kila mtu akapewa lake. Baba watoto atakwenda Feri kununua samaki na kikapu cha ukili. Mimi nitashughulikia manunuzi ya dukani. Binti yetu mkubwa atahakikisha jiko haliwashwi kwa nailoni. Kijana atachemsha maji ya kunywa na kuyatia kwenye chupa za chuma, ili mtu asinunue maji ya chupa njiani. Kitinda mimba, ambaye hapendi kuachwa nyuma, akapewa ulinzi wa kikapu kisiliwe na mbuzi wa jirani.

Safari ya kwanza ya Feri ilikuwa na mambo yake. Baba watoto alinunua vibua na changu, akawapeleka kwa wapaa samaki wakamsafishia, akawapanga kwenye kikapu juu ya gazeti, akapanda daladala. Gazeti lilishika maji mpaka Posta. Kufika Fire, matone mekundu yakaanza kupenya katikati ya ukili na kudondokea kwenye viatu vya dada mmoja aliyevaa sare za kazi.

"Baba, samaki wako ananilowesha!"

Konda akageuka. "Mzee, hiyo mizigo ya maji hatubebi bila kufungwa. Tafuta hata kifuko."

Muuza maji ya barafu aliyekuwa dirishani akanyoosha kifuko palepale, cha bure. Baba watoto akakikataa kwa adabu. Alitoa leso yake safi, akampa yule dada afute viatu, akamwomba radhi, kisha akashuka Magomeni Mapipa na kutembea na kikapu chake mpaka Kigogo. Alifika nyumbani shati limelowa jasho, samaki wakiwa salama, na hakulalamika kwa neno hata moja.

Bibi alikichungulia kikapu. "Zamani samaki walibebwa kwa pakacha, lakini pakacha lilining'inizwa kwenye baiskeli, maji yakamwagika barabarani. Kwenye gari la watu wengi mambo ni mengine." Akaingia ndani, akatoka na ndoo ndogo ya mfuniko iliyowahi kuwa ya samli. Ikaingia kikapuni barabara. Tangu hapo samaki wetu husafiri ndani ya ndoo, ndoo ndani ya kikapu, na makonda hawana la kusema.

Kijana hakuridhika. "Lakini Bibi, ndoo nayo ni plastiki."

"Ndoo hii nimeinunua kabla hujazaliwa," Bibi akamjibu. "Niletee kifuko cha karanga kilichonunuliwa kabla hujazaliwa, nikione."

Nimelishika jibu lile, kwa sababu linaweka kila kitu mahali pake. Tunachopigana nacho ni kile kitu kinachotengenezwa kudumu miaka mingi ili kitumike dakika chache. Ndoo, beseni, dumu la maji na kiti cha plastiki vinaweza kumtumikia mtu nusu ya umri wake. Kifuko cha karanga hutupwa mtaani, jua hukipasuapasua kuwa chembe zisizoonekana kwa macho, na chembe hizo huingia kwenye udongo, maji na samaki.

Jiko lilitusumbua zaidi. Asiyewahi kuwasha mkaa alfajiri hajui kwa nini nailoni imependwa hivi. Kipande kimoja kinashika moto mara moja na kudondosha matone yanayowaka juu ya mkaa, na dakika chache baadaye chai inachemka. Lakini moshi wake ni mweusi na una sumu, na anayeuvuta ni yule aliyeinama jikoni, mara nyingi binti au mama mwenye mtoto mgongoni. Sufuria hupata masizi yanayonata ambayo hata jivu haliyatoi. Tulipoiacha, tulitegemea makumbi ya nazi. Masika yakayalowesha. Asubuhi kadhaa watoto walikwenda shule na uji wa vuguvugu, na binti alikuwa na macho mekundu kwa kupuliza.

Hatimaye binti mwenyewe ndiye aliyepata njia. Alianza kuyachambua makumbi jioni, anatenganisha nyuzi laini na zile ngumu, kisha anazitandaza kwenye ungo juu ya jiko wakati maharage yanachemka. Zikikauka anazitia kwenye debe lenye mfuniko. Asubuhi anachukua fumba moja la nyuzi, anaweka vipande vya vifuu juu, kisha mkaa. Moto unashika bila kupulizwa. Nimejifunza kwake, nami ni mama yake.

Dukani nako kulikuwa na shughuli. Mangi wetu ni mtu mwema, lakini duka lake lina foleni, na sukari yake huwa imeshafungwa robo robo kwenye vifuko ili mteja achukue aondoke. Nilipomwekea kopo langu mezani, aliliangalia, akaangalia na watu walioko nyuma yangu.

"Mama, hili kopo nalo lina uzito. Nikilipimia hivihivi utasema nimekuibia."

Mizani yake ni ile ya sahani mbili na mawe. Akaliweka kopo tupu upande mmoja, upande wa pili akatafuta cha kulisawazisha: kiberiti, misumari, betri kuukuu. Watu wakaanza kunung'unika. Mama mmoja akasema kwa sauti kuwa wengine tuna watoto wanaosubiri chai. Mangi hakuvunjika moyo. Alipopata usawa, alivifunga vitu vile kwenye kitambaa, akaandika jina la nyumba yetu, akakitundika ukutani. "Kesho ukija," akasema, "jiwe lako liko hapa." Baadaye akaniambia kwamba vile vifuko hununua kwa fedha yake, na mteja anayekuja na kopo anampunguzia gharama. Siku hizi ukutani pale vimetundikwa vitambaa vya nyumba nyingine pia, na yule mama aliyenung'unika ana chake.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda mpaka mvua zikakatika. Ndoo ya taka ilikuwa inachukua muda mrefu kujaa. Lakini usiku mmoja, tukiwa karoni mimi na binti, mbele yetu kukiwa na makopo, chupa, ndoo ya samaki iliyonuka shombo na vibakuli vya chakula cha mchana cha watoto, binti aliniambia kwa upole:

"Mama, zamani kazi hii ilifanywa na mfuko. Sasa naifanya mimi."

Sikuwa na jibu la haraka. Alisema kweli. Kitu cha kutupa kinapendwa kwa sababu kinaondoa kazi: huhitaji kukibeba kurudi nacho, huhitaji kukiosha, huhitaji kukumbuka ni cha nani. Ukikifukuza nyumbani, kazi yake inabaki palepale ikisubiri mikono, na katika nyumba nyingi za kwetu mikono hiyo inajulikana ni ya nani.

Jambo hilo lilidhihirika mbele ya watu wote siku ya hitima ya marehemu babu.

Hitima ile ilikuwa ya ukoo mzima. Wifi yangu, dada wa baba watoto, alikuja kutoka Mbagala wiki nzima kabla ili kusimamia mapishi, na alikuja na orodha: katoni za maji ya chupa ndogo, vibakuli vyeupe vya kutupa, vijiko vya kutupa, na vifuko vya wageni kuondokea na pilau.

"Wifi," nikamwambia, "nyumba hii tumeachana na hivyo vitu. Tutaazima masinia na vikombe. Maji tutachemsha."

Alinitazama kwa huruma. "Wifi yangu, watu watasema kaka yangu kafilisika. Siku hizi shughuli bila maji ya chupa ni shughuli gani?"

Bibi, aliyekuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa. "Baba yenu alizikwa na watu waliokunywa maji kwa kata, na hakuna aliyesema tumefilisika."

Tukaazima. Mtaa mzima ulitoa: masinia, vikombe vya bati, mabirika ya kunawia, majamvi. Kila chombo kina alama ya mwenyewe chini yake. Mwingine ameweka nukta mbili za rangi ya kucha nyekundu, mwingine msalaba wa rangi ya mafuta, mwingine ametoboa tundu dogo ukingoni kwa msumari. Kijana aliandika kila kimoja kwenye daftari. Kwa ajili ya pilau ya kuondokea, baba watoto alikwenda soko la Mahakama ya Ndizi kule Mabibo, akarudi na majani ya mgomba. Bibi akawafundisha wajukuu kuyababua: jani linapitishwa juu ya moto taratibu mpaka linang'aa na kulainika, ukilikunja halipasuki. Asiyelipitisha motoni, pilau yake itamwagika mlangoni.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Wasomaji walijaa chini ya turubai, juzuu zikagawanywa, dua ikasomwa, masinia ya kwanza yakatoka moto, watu wanne au watano kila sinia. Mapipa mawili ya maji yaliyochemshwa yalikuwa kivulini, kila moja na koki yake.

Mtoto mmoja wa wageni akakanyaga koki ili apande kuchungulia ndani ya pipa. Koki ikakatika. Maji yakaruka, yakapita katikati ya uwanja, yakafika walipovua viatu wazee, na makubadhi yakaanza kuelea kuelekea barabarani. Watu wakainuka kuyakimbilia. Pipa lilipozibwa kwa kitambaa, lilikuwa limebaki robo.

Hapohapo kundi la pili la wageni likaingia, na masinia safi yalikuwa yamekwisha. Yaliyotumika yalirundikana uani hadi usawa wa kiuno. Binti na wenzake walikuwa wakiosha tangu asubuhi, vidole vimekunjamana, na kila walipomaliza matatu yanaletwa saba. Wageni wamekaa, kiu imewashika, chakula kimepikwa na hakuna cha kupakulia.

Wifi aliingia chumbani. Alitoka akiburuta katoni za maji ya chupa alizokuwa ameziweka chini ya kitanda. Moyo ulinipanda. Lakini kabla sijasema neno, Bibi alinishika mkono.

"Mgeni hateswi kwa kiu kwa ajili ya msimamo wetu," akasema. "Wapeni maji. Chupa tutazikusanya zote, tumpe muokota chupa." Kisha akamgeukia binti yake na kumshukuru. Wifi, aliyekuwa amejiandaa kwa ugomvi, akabaki kimya.

Wakati huohuo baba watoto alikuwa amefika uani kuulizia masinia. Akamkuta binti yake ameinamia karo, machozi yanadondoka kwenye povu. Alisimama pale kidogo. Akavua koti, akalikabidhi kwa kijana, akakunja mikono ya kanzu hadi kwenye viwiko, akavuta kigoda, akachukua dodoki mkononi mwa binti. "Nenda kapumzike, mama," akamwambia. Akaanza kuosha.

Kijana akaweka koti ndani, akarudi na wenzake, walewale waliozibua mtaro wakati wa masika. Wakajipanga: mmoja anakwangua makombo, mmoja anaosha, mmoja anasuuza, mmoja anafuta na kupeleka kwa wapishi. Rundo likaanza kushuka. Mzee mmoja wa ukoo alipita akashangaa.

"Mwenye shughuli ndiye anaosha masinia? Mbele za watu?"

Ustadhi aliyeongoza dua alikuwa nyuma yake. Akamkumbusha kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa akisaidia kazi za nyumbani kwake, na kushona nguo yake mwenyewe. Yule mzee akanyamaza, kisha akaomba kitambaa, akakaa kwenye foleni ya kufuta. Kundi la pili likala, na la tatu, na la mwisho. Wageni wakaondoka na pilau kwenye majani, na majani yale baadaye yaliliwa na mbuzi mtaa mzima.

Kesho yake tulirudisha vyombo kwa kufuata daftari. Sinia moja halikuonekana, lile lenye nukta mbili nyekundu, la mama mwenye genge la nyanya. Tulitafuta kila mahali. Mama mwenyewe alisema yaishe, lakini alisema kwa sauti ya mtu ambaye kwake hayajaisha, kwani sinia lile alipewa na mama yake alipoolewa. Mimi sikupata usingizi. Kuazima kunategemea uaminifu, na sinia moja lililopotea lingetosha kuufunga mtaa mzima, tukarudi kwenye vya kutupa.

Lilikuwa Mbagala. Watoto wa wifi walikuwa wamelibeba na pilau juu yake bila yeye kujua. Alipoigundua ile alama, hakumtuma mtu. Alipanda daladala mwenyewe, sinia likiwa limefungwa kwenye kanga, akafika kwa mama mwenye genge na kulikabidhi kwa mikono miwili. Juu yake aliweka mkate wa kumimina, kwa sababu pwani chombo cha jirani hakirudi kitupu. Wale wawili hawakuwa wakifahamiana. Siku hizi wifi akija kwetu anapita kwanza gengeni.

Baada ya hapo akina mama wa kikoba chetu walichanga, wakanunua masinia na vikombe vya chuma vya mtaa. Anayefanya shughuli anakodi kwa bei ndogo, na sharti lililoandikwa juu kabisa ya daftari ni kwamba mwenye shughuli ataje majina ya waoshaji, na wanaume wawe nusu yao. Sharti hilo halikupendwa na wote, ila limebaki. Nyumbani kwetu, baba watoto huosha vyombo vya jioni Jumamosi na Jumapili, kijana siku mbili, mimi na binti tunagawana zinazobaki. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtu mmoja hatoshi karoni.

Bado hatujamaliza. Dawa za Bibi huja kwenye plastiki, maziwa ya kitinda mimba vilevile, na unga wa kiwandani una mfuko wake. Mtaro bado unahitaji machepe kila mara kabla ya masika, kwa sababu nyumba zilizo juu yetu ni nyingi. Serikali ina sehemu yake, na viwanda vina sehemu yake, tena kubwa kuliko ya kwetu. Lakini ndoo yetu ya taka imepungua, moshi mweusi umetoka jikoni, na binti halii tena karoni.

Nawe unayesoma haya, ukitaka kuanza, anza na kitu kimoja: kopo la sukari, ndoo ya samaki, au chupa ya maji ya mtoto wa shule. Lakini kabla hujaleta kipya na kuondoa cha kutupa, wakalishe watu wote wa nyumba na muulizane nani atakibeba, nani atakiosha, nani atakirudisha. Jibu likiwa jina la mtu mmoja tu, rudini mkae tena. Mkishagawana kazi, plastiki ya kutupa haitakuwa na la kuwasaidia.